Magaga na Sugu za Miguuni: Mwongozo wa Kutibu Ngozi Ngumu Bila Kuichuna

Mama yangu amekaanga samaki sokoni kwa miaka mingi, amesimama juu ya sakafu ya saruji kuanzia asubuhi mpaka jioni, miguuni ana kandambili zilizoliwa upande wa kisigino mpaka zimebaki kama karatasi. Magaga yake tuliyasikia kabla ya kuyaona: usiku akijigeuza kitandani, kisigino kinakwaruza shuka na nyuzi zinanasa. Kila Ijumaa aliyasugua kwa kipande cha tofali hadi yanatoka damu. Ikifika Jumatatu yamerudi, tena magumu kuliko mwanzo. "Uchafu tu huu, mwanangu," alikuwa akisema, "sijaukazania."

Ukweli ni kwamba hayakuwa uchafu, na alikuwa ameyakazania kupita kiasi.

Ngozi ya unyayo ina kazi ya kubeba mwili mzima. Ikigandamizwa au kusuguliwa pale pale kila siku, hujihami: huongeza chembe za juu, zile zilizokwisha kufa na kujaa keratini, protini ile ile iliyomo kwenye kucha na nywele. Hiyo ndiyo sugu. Ukiikwangua kwa nguvu, ngozi inajua jambo moja tu, kwamba imeshambuliwa, nayo inajibu kwa kuongeza unene. Ndiyo maana tofali la mama lilikuwa likizalisha magaga badala ya kuyamaliza.

Jambo la pili ni mafuta. Ngozi ya uso, kichwa na mgongo ina tezi za mafuta. Unyayo hauna hata moja, una tezi za jasho tu. Ulaini wake wote unategemea maji yaliyomo ndani ya ngozi yenyewe, na maji hayo yakikauka, ngozi nene haiwezi tena kunyumbulika. Unapokanyaga, nyama laini ya kisigino husukumwa pembeni na uzito wa mwili. Kama ukingo wa kisigino ni mkavu, unapasuka, kama tope la bwawa lililokaukiwa. Magaga basi ni sugu iliyokosa maji ikapasuka.

Niseme pia kwamba si kila sugu ni adui. Mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliolinganisha nyayo za watu wa Kenya, wengi wao wazoefu wa kutembea peku, na za Wamarekani. Waliozoea peku walikuwa na sugu nene zaidi, lakini hisia za nyayo zao hazikuwa zimepungua. Sugu ya mkulima au mchungaji anayetembea peku ni kiatu alichojishonea mwenyewe. Kama haiumi, haijapasuka na haikukeri, iache. Hata ile alama ngumu ambayo waumini wengi huwa nayo kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, kwa sababu ya kuukalia mguu huo katika swala, haihitaji tiba zaidi ya mafuta kidogo.

Hatua ya kwanza: jua unatibu nini

Hapa ndipo watu wengi huharakisha, na hapa ndipo ninaposisitiza usiharakishe. Osha miguu, ikaushe, kaa penye mwanga. Kuutazama unyayo wako mwenyewe ni shida, kwa hiyo weka kioo sakafuni au mwombe mtu. Mimi niliupakata mguu wa mama, tochi ya simu mkono mmoja.

Sugu ya kawaida imetandaa, rangi ya manjano au kijivu, haina mpaka wa wazi. Ukiitazama vizuri utaona ile mistari midogo ya ngozi, kama ya alama za vidole, inapita juu yake bila kukatika. Hukaa kisiginoni na chini ya shina la vidole.

Sugu yenye kiini ni ndogo, ya mviringo, na katikati ina punje ngumu inayoelekea ndani kama kichwa cha msumari. Ukiibonyeza moja kwa moja, unaruka. Hukaa juu ya vidole vilivyojikunja, ubavuni mwa kidole cha mwisho, au katikati ya vidole viwili vinavyobanana, na ikiwa huko katikati huwa laini na nyeupe kwa sababu ya unyevu, watu wakadhani ni fangasi.

Chunjua ya unyayoni hudanganya wengi. Husababishwa na kirusi, na kwa sababu unaikanyaga hubonyea ndani ikafanana na sugu. Kuna vipimo viwili vya nyumbani. Kwanza, mistari ya ngozi haipiti juu yake, inaizunguka. Pili, ibane kutoka pembeni kwa vidole viwili: chunjua huuma zaidi ikibanwa pembeni, sugu huuma zaidi ikibonyezwa juu. Mara nyingi utaona pia nukta nyeusi ndani yake. Watu huziita mizizi, lakini ni mishipa midogo ya damu iliyoganda.

Fangasi wa unyayo hawapasui kisigino peke yake. Unyayo mzima hukauka na kutoa unga mweupe ndani ya mistari ya ngozi, hadi pembeni, kana kwamba umevaa ndala ya vumbi. Tazama katikati ya vidole kama pana muwasho, ngozi nyeupe iliyolowa au mipasuko, na tazama kucha kama zimenenepa. Wakati mwingine miguu yote miwili imeathirika pamoja na kiganja kimoja cha mkono, na ukiona hivyo karibu huna haja ya kubahatisha.

Funza, wengine humwita tekenya, ni alama nyeupe ya mviringo yenye nukta moja nyeusi katikati. Inawasha na kuuma, hasa pembeni mwa kucha na kisiginoni. Huyo hatibiwi kwa kusugua. Nenda kituo cha afya, na usiazime pini iliyotumika kwa mtu mwingine.

Hatua ya pili: pima hisia kabla ya kushika jiwe

Mwenye kisukari, aliyewahi kuugua ukoma, au mwenye miguu inayokufa ganzi kwa sababu yoyote anaweza kujikata asijue. Chini ya sugu ya mtu kama huyo huweza kufichika kidonda kikubwa. Kuna kipimo kilichobuniwa hospitali ya Ipswich, Uingereza, ambacho hakihitaji chombo chochote.

Mlaze mtu, soksi zimevuliwa, afumbe macho. Mwambie kila akihisi mguso aseme kulia au kushoto. Kwa ncha ya kidole chako gusa ncha ya dole gumba la mguu, kisha kidole cha kati, kisha cha mwisho, miguu yote miwili. Jumla miguso 6, kila mmoja sekunde 1 au 2. Usibonyeze, usipapase. Akikosa miwili au zaidi, hisia zimepungua, na kazi ya kupunguza sugu si yako tena, ni ya mhudumu wa afya. Mama alisema, "Kulia, kulia, kulia tena, we mtoto unanitekenya." Tukaendelea.

Kwa mwenye kisukari nitasema mara moja na kwa mkazo: hakuna wembe, hakuna plasta ya asidi ya kuondolea sugu, hakuna maji ya moto. Kagua nyayo kila siku, paka mafuta juu na chini ya mguu lakini si katikati ya vidole, na ukiona sugu yenye rangi ya damu au weusi ndani yake, wahi hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya tatu: tafuta kinachosugua

Dawa yoyote bila hatua hii ni kuchota maji kwa pakacha. Sugu huonyesha kidole kwa kinachoisababisha, ukijua kuisoma. Ikiwa ukingoni mwa kisigino, mshitakiwa ni viatu vilivyo wazi nyuma: kandambili, malapa, ndala. Havikishiki kisigino, nacho kinatanuka kila unapokanyaga. Ikiwa juu ya vidole, kiatu ni kifupi au kina mdomo mwembamba. Ikiwa chini ya shina la vidole, ni viatu virefu, au soli imekwisha. Ikiwa mguu mmoja tu, angalia unavyosimama kazini. Mafundi cherehani hukanyagia mguu ule ule mwaka mzima.

Weka mguu juu ya karatasi ukiwa umesimama, uzungushie kalamu, kisha weka kiatu juu ya mchoro. Kiatu kikiwa chembamba kuliko mchoro, umeshapata jibu. Nunua viatu jioni, wakati miguu imevimba kidogo, na uache nafasi ya upana wa kidole mbele ya dole gumba.

Mama hakukubali kuacha kandambili, na alikuwa na hoja: sokoni kuna maji ya samaki kutwa, kiatu cha kufunika kingeoza na fangasi wangefuata. Tukakubaliana viatu vya plastiki vyenye kamba nyuma na ukuta wa kushika kisigino, soli nene. Chini ya pale anaposimama tukatandika kipande cha mpira wa mkeka wa gari. Sidhani kama dawa yoyote iliyofuata ilisaidia kuliko kipande hicho.

Hatua ya nne: loweka

Beseni, maji ya uvuguvugu, dakika 10 hadi 15, basi. Pima joto kwa kiwiko, si kwa mguu. Ukizidisha muda, ngozi hunywa maji, ikivimba hupoteza kinga yake, na ikikauka inakuwa kavu kuliko ulivyoikuta.

Usitie sabuni ya unga, magadi wala dawa ya kung'arishia nguo. Vyote hivyo huondoa hata ule unyevu uliobaki. Ndimu nayo ipumzishe. Kwenye ufa inachoma, na maji ya ndimu yakibaki juu ya ngozi ukatoka juani, yanaweza kuunguza na kuacha weusi wa wiki nyingi. Sabuni ya kuogea kidogo inatosha.

Hatua ya tano: sugua, lakini kwa adabu

Tumia jiwe la kusugulia miguu, lile jepesi lenye matundu, au kisugulio chenye msasa laini. Jiwe liwe limelowa na mguu uwe umelowa. Sugua kuelekea upande mmoja, bila kukandamiza, dakika 2 au 3 kila mguu. Simama mara kwa mara upapase. Unachotafuta ni ngozi inayonyumbulika, si ngozi nyembamba. Ikianza kuwa nyekundu au kuwaka, umeshapitiliza. Mara 2 au 3 kwa wiki zinatosha, na ngozi ikitulia, mara moja.

Kuhusu wembe sina maneno laini. Niliwahi kukaa kwenye kiti cha saluni moja, kijana akachomoa wembe ambao sikuona umetoka kwenye karatasi, akaanza kukwangua kisigino kama anayemenya muhogo. Niliondoka na ufa wa siku kumi. Wembe unaochangiwa unaweza kuhamisha virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI, na jiwe lenye matundu halisafishiki kikamilifu kati ya mteja na mteja. Ukipenda kusuguliwa miguu saluni au na vijana wanaopita mitaani na vikapu vyao, nenda na jiwe lako. Hakuna atakayekasirika, na akikasirika, kuna mwingine.

Hatua ya sita: funga maji ndani

Kausha kwa taulo kwa kugandamiza, si kufikicha. Katikati ya vidole kausha kabisa. Kwingine acha unyevunyevu, kisha upake papo hapo, kabla dakika chache hazijapita. Mafuta hayaingizi maji kwenye ngozi, yanazuia yaliyomo yasitoke. Ukipaka mafuta juu ya kisigino kilichokauka tangu asubuhi, umefunga mlango wa ghala tupu.

Dawa inayofaa kuliko zote kwa ngozi ngumu ni krimu yenye yurea, na inapatikana famasi bila makeke. Soma asilimia kwenye boksi. Asilimia 10 hulainisha na inafaa kila siku. Asilimia 20 hadi 25 hulegeza sugu na magaga. Asilimia 40 ni kali, ni ya sehemu nene tu, na isipakwe kwenye ufa ulio wazi. Juu ya krimu pitisha mafuta ya mgando, usiku, kisha soksi za pamba. Kama yurea haipatikani au bei haikubali, mafuta ya mgando peke yake juu ya ngozi yenye unyevu yanafanya kazi kubwa. Gliserini nayo huvuta maji, ila ifunikwe kwa mafuta juu yake. Mafuta ya nazi yanasaidia, lakini ni mepesi, kwenye magaga ya kina yatakuchelewesha.

Utaratibu huu wa kuloweka, kusugua na kupaka ndio wanaofundishwa watu waliougua ukoma wakapoteza hisia za miguu, ili nyayo zao zisipasuke na kuwa vidonda. Tofauti ni kwamba wao husugua kwa kutazama, si kwa kuhisi, baada ya kuelekezwa na mhudumu. Kwa mguu usiohisi chochote, maji, jiwe na mafuta vimewaokoa wengi.

Ufa ukiwa umefunguka

Ufa unaotoka damu usisuguliwe. Osha kwa maji safi na sabuni, kausha, jaza mafuta ya mgando, kisha bandika plasta kuukata ufa kwa upana, ukivuta kingo zikaribiane, ili kila hatua isiufungue upya. Badilisha kila siku. Gundi ya dukani, ambayo nimeona watu wakiitumia, hufungia uchafu ndani. Na kwa kuwa ufa wa kisigino ndio unaokutana na udongo na samadi, hakikisha chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati.

Sugu yenye kiini, chunjua na fangasi

Kiini kinataka kuondolewa mgandamizo. Kata kipande cha sponji au kitambaa kinene chenye tundu katikati, kiini kikae ndani ya tundu. Kati ya vidole weka pamba au sponji. Plasta za asidi ya salisili, asidi inayolegeza ngozi ngumu, husaidia, kwa mtu mwenye miguu yenye hisia na damu inayopita vizuri. Ikate ilingane na kiini, paka mafuta ya mgando kwenye ngozi nzima ya pembeni, fuata muda ulioandikwa, na ukipata maumivu acha.

Chunjua hupakwa asidi hiyo hiyo ya maji, mara nyingi ya asilimia 17, kila siku baada ya kuloweka na kusugua kidogo, na kazi inaweza kufika wiki 12. Nyingi hupotea zenyewe. Jiwe ulilotumia kwenye chunjua lisiguse sehemu nyingine.

Fangasi wanataka dawa ya fangasi: klotrimazole au tabinafini (terbinafine) ya kupaka, na uendelee hata baada ya muwasho kuisha kwa muda ulioelekezwa. Kuwa mwangalifu na krimu za mchanganyiko zenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho isiyoua fangasi, ambazo maduka mengi huzitoa haraka. Zinatuliza muwasho kwa siku mbili huku fangasi wakitandaa.

Wakati wa kuacha beseni

Nenda kituo cha afya ukiona usaha, uvimbe, joto au wekundu unaopanda mguu, harufu, au umajimaji chini ya sugu. Nenda pia kama wiki 4 za kazi ya uaminifu hazijaleta mabadiliko, au kama ngozi ngumu imefunika viganja na nyayo tangu utotoni na ndugu wengine wanayo, maana hiyo ni hali ya kurithi. Uliza kama hospitali ya wilaya ina mtaalamu wa ngozi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, kimekuwa kikiwafundisha tangu 1992.

Doa jeusi linalokua unyayoni au chini ya ukucha, lenye kingo zisizo sawa, au kidonda kisichopona, lisiitwe sugu wala jeraha la kucheza mpira. Saratani ya ngozi ya aina hiyo ndiyo inayowapata zaidi watu weusi kati ya saratani za kundi la melanoma, zile zinazoanzia kwenye chembe za rangi ya ngozi, na ndiyo iliyoanzia chini ya ukucha wa dole gumba la mguu la Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36.

Kwa mama, wiki ya kwanza hakukuwa na cha kuonyesha. Wiki ya tatu shuka liliacha kunasa. Soksi ndizo zilizomshinda: alisema miguu inachemka kama imo ndani ya sufuria. Tukachukua soksi za zamani, tukakata upande wa vidole na kubakisha kipande cha kufunika kisigino, na hizo anazivaa kila usiku. Anazivaa akiwa ameshafika kitandani, kwa sababu sakafu yetu ni ya vigae, na mguu wenye mafuta juu ya kigae hauna breki.